Gongo langu limevaa kiatu cha tairi

Ndugu Mhariri,

Kila ikikaribia Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, magazeti hutoa picha ambayo nadhani ilipigwa mara moja tu na inarudiwa kila mwaka. Turubai, viti vya plastiki, mgeni rasmi kainama kidogo kashika mpini wa kiti mwendo ambacho bado kina nailoni, na aliyekalishwa juu yake anaangalia kamera kama mtu aliyeambiwa acheke. Mwaka mmoja aliyekalishwa nilikuwa mimi. Nilipata fulana, kofia, soda na hicho kiti. Aliyetoa namshukuru, sina kinyongo naye. Kiti kilifika Kibada, kikazama mchangani hatua kumi kutoka barabarani, kikabebwa na wanaume watatu hadi ndani. Kiko sebuleni. Mke wangu anawekea nguo za kupiga pasi.

Lakini siandiki kulalamikia kiti. Naandika kwa sababu ya msomaji mwenzangu aliyetoa maoni katika ukurasa huu kwamba watu wa aina yetu tufundishwe kazi za kukaa, kama ushonaji, viatu na kompyuta, maana kilimo ni kazi ya nguvu na jua, hakitufai. Nia yake njema nimeiona. Ila maneno hayo nimeshaambiwa mara nyingi mno, tena na watu wenye mihuri, na yamenigharimu.

Mimi ni mkulima wa mchicha. Nina mguu mmoja, wa kulia. Wa kushoto niliuacha Barabara ya Kilwa mwaka 2015, nikiwa konda wa daladala ya Mbagala Rangi Tatu kwenda Posta. Nilikuwa nimening'inia mlangoni kama tulivyozoea, mkono mmoja umeshika dirisha, mwingine una noti kati ya vidole. Mengine hayana haja ya kusimulia. Nilipotoka hospitali nilikaa barazani karibu miaka miwili. Mke wangu akitoka alfajiri kwenda kuuza vitumbua, mimi nabaki nahesabu bodaboda zinazopita. Ukikaa hivyo muda mrefu, hata watoto wako wanaanza kukuaga kwa sauti ya chini, kama wanaaga wodini.

Ushauri ulikuwa mwingi. Uza vocha. Jifunze cherehani. Mmoja, tena ndugu wa damu, alinipigia hesabu ya kiasi ambacho mtu wa mguu mmoja anaweza kuokota kwa siku kwenye foleni ya magari. Hesabu yake ilizidi mshahara wa mlinzi, lazima niseme kweli. Sikwenda.

Kilichonitoa barazani ni takataka. Kuna bwana mmoja wa Upanga alikuwa na kiwanja jirani na kwetu, kanunua zamani, hajajenga. Watu walikuwa wanamwaga taka usiku, vibaka wanajificha kwenye majani. Akaniomba nimwekee jicho, na akasema kama naweza kulima chochote nilime, ilimradi pawe peupe. Nikaanza na matuta mawili.

Anayeijua Kigamboni anaujua mchanga wetu. Gongo la kutembelea (wasomaji wa Dar msinielewe vibaya, sisemi lile la kwenye chupa) lina ncha ndogo. Ukiliegemea linazama kina cha kiganja, nawe unalifuata. Wiki ya kwanza nilianguka mara nne. Aliyenitibu ni fundi viatu wa kituoni. Alikata kipande cha tairi la gari, duara, ukubwa wa kisahani cha chai, akatoboa katikati, akachomeka ncha ya gongo, akakaza kwa waya na mpira wa tyubu ya baiskeli. Sh3,000 kwa magongo yote mawili. Tangu siku hiyo natembea mchangani kama ngamia. Nimeshampelekea yule fundi wateja watano, na kile kidude sijawahi kukiona chini ya turubai la mgeni rasmi.

Mengine nilijifunza kwa kukosea. Wenzangu wa mchicha hupiga tuta pana, mita moja na ushei, na kati ya tuta na tuta wanaacha kijia cha kupitisha mguu mmoja, halafu mwingine. Mimi huo mwingine sina. Nikapunguza upana wa tuta hadi pale mkono wangu unapofika nikiwa nimekaa upande mmoja, nikapanua njia hadi nipite na magongo yangu bila kukanyaga miche. Wakanicheka: huyu analima njia! Kweli napoteza eneo. Kwenye nafasi ya matuta yangu sita, mwenzangu anapata tisa. Nalima nimekalia ndoo iliyopinduliwa, na jembe nimelikata mpini.

Adui mkubwa ilikuwa keni ya kumwagilia. Wenzangu hubeba mbili kwa mpigo, moja kila mkono, wanakwenda kisimani na kurudi mara thelathini asubuhi moja. Mikono yangu ina magongo. Nilijaribu kuifunga keni kiunoni kwa mkanda; nilimwagilia suruali. Mwishowe nikanunua pipa la lita 200, nikalipandisha juu ya matofali, nikaunganisha mpira wa maji. Pampu ndogo inavuta maji kisimani, umeme naazima kwa jirani na namnunulia uniti za LUKU. Baada ya hapo maji yanashuka yenyewe, mimi kazi yangu ni kusogeza mpira. Yana chumvichumvi, lakini mchicha unayavumilia. Mboga ya chainizi ndiyo inayonuna.

Mchicha hauna mambo mengi. Ukiupa mbolea ya kuku ya kutosha, baada ya siku 21 hadi 28 mama wa mboga anakuja kununua tuta zima likiwa bado ardhini. Anang'oa mwenyewe, anafunga mafungu, anavuka na pantoni kwenda mjini. Tuta langu huenda Sh7,000 siku za kawaida. Masika ikishika na mboga za mabondeni zikizama, nimewahi kuuza Sh12,000. Utajiri haupo hapo. Lakini mke wangu hanunui tena unga wa vitumbua kwa mkopo.

Sasa nifike kwa mpwa wangu, maana ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu. Ni mtoto wa dada yangu, ana miaka 22, ana ulemavu wa akili na kifafa. Alisoma kitengo maalumu hadi akawa mkubwa kuliko dawati, kisha akarudi nyumbani, na nyumbani ndipo mambo yalipoharibika. Kijana mwenye nguvu zake, anafungiwa ndani kutwa kwa kuogopewa barabara. Akawa anapiga ukuta kwa kiganja, kutwa nzima, hadi wapangaji wakahama. Siku moja dada alipata msiba Mkuranga, hakuwa na pa kumwacha, akaniletea. Nikamkalisha kivulini. Baada ya muda nikamwona kasogea, kachuchumaa pembeni ya tuta, anaangalia mkono wangu ninavyomwaga mbegu.

Mbegu ya mchicha ni ndogo kama nukta. Ukiimwaga hivihivi inaangukia mahali pamoja, inaota kama nywele, miche inasongana na kunyauka. Dawa yake ni kuichanganya na mchanga mkavu kwanza. Mimi nilikuwa napima kwa macho. Mpwa wangu hawezi mambo ya macho, anataka kitu kisichobadilika. Tukatafuta kipimo, tukakipata: kifuniko kimoja cha chupa ya soda cha mbegu, kopo moja la mchanga, tuta moja. Haongezi, hapunguzi. Siku moja kifuniko chake kilipotea. Nikamletea vingine vitatu, vya soda ileile, akavikataa vyote. Hakupanda. Alikaa hadi kilipopatikana chini ya ndoo yangu, saa sita mchana. Matuta yake yanaota sawasawa kuliko yangu, na mama wa mboga siku hizi kabla ya kutoa hela wananiuliza, kaka, hili kapanda nani? Naona wivu kidogo, sifichi.

Msidhani nawauzia hadithi ya muujiza. Kuna asubuhi aling'oa mistari miwili ya bamia changa akaacha ndago, yale magugu sugu, zimesimama. Jana yake nilikuwa nimemwonyesha ndago nikasema toa hii, naye kesho yake akatoa iliyokuwa mbele yake. Kosa langu. Tangu siku hiyo kisichoguswa kinachomekewa kijiti chenye kitambaa chekundu, na hajakosea tena. Kifafa nacho hakichagui mahali. Kabla hajaanza kuja kila siku nilifunika kisima kwa zege na mfuniko wa chuma wenye kufuli. Panga hakai nalo peke yake. Dawa zake anakunywa kwa wakati, na jua likipanda sana wote tuko bandani. Ameanguka mara mbili shambani, zote mbili mchangani, nikamgeuza ubavu nikakaa naye hadi akazinduka. Nyumbani alikuwa anaanguka kwenye sakafu ya saruji.

Ukuta hapigi tena. Dada anasema analala usiku kucha. Ijumaa nampa ujira wake mkononi, noti ndogondogo kwa sababu ndizo anazozipenda, anazipanga chini mojamoja, kisha anaondoka kwenda kumnunulia mama yake chapati. Safari ya dakika kumi inamchukua saa nzima, maana lazima asalimie kila mtu. Zamani mtaa ulimjua kwa kelele. Sasa wanamwita Bwana Shamba, na anaitika.

Wala sisemi shamba ni la kila mtu. Tunaye dada mmoja mwenye ualbino, hodari wa kufunga mafungu kuliko sisi wote. Jua la Dar la saa nne asubuhi kwake ni hatari, saratani ya ngozi si mchezo. Anaingia saa kumi na mbili, saa mbili na nusu yuko kwenye kivuli cha banda na mikono mirefu, kofia pana na losheni ya kuzuia jua, ile inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, akiipata. Tulikaa tukapanga saa zake, basi. Kama angefanya kazi kwa saa za mwajiri wa mjini, angekuwa ameshaacha.

Tulipoona tumekuwa kikundi tukaenda kuomba mkopo wa asilimia kumi. Kwa wasioujua, halmashauri hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwetu. Ilisimamishwa mwaka 2023, baadaye ikarejeshwa. Tulitaka pampu ya kwetu, tanki kubwa na neti ya kivuli. Ofisa aliyetupokea, na ofisi siitaji kwa sababu hakuwa mtu mbaya, aliyaangalia magongo, akamwangalia mpwa wangu, akauliza nani atalima. Nikamwambia sisi. Akauliza tena, safari hii anamtazama dereva wa bajaji aliyetuleta, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akisubiri nauli yake. Kisha akatushauri, kwa upole kabisa, tubadilishe tuandike mradi wa cherehani, kwamba hiyo inapita haraka. Nikamuuliza nani hapa anajua kushona. Tukatazamana.

Hata hivyo kilichotukwamisha mwishoni hakikuwa mguu wangu. Ilikuwa karatasi. Tukaulizwa eneo la mradi liko wapi na tunalo kwa njia gani. Eneo letu ni la kauli, yule bwana wa Upanga alisema lima. Kauli haigongwi muhuri. Nilitoka pale nimekasirika, nikasema wanatafuta visingizio. Miezi michache baadaye bwana wa Upanga akapata fedha za kujenga. Alinipigia Alhamisi, Jumapili mafundi wakaingia. Matuta 14, matano yamebakiza wiki moja. Kiwanja ni chake, sina kesi naye, na alinipa pole. Tuling'oa mchicha ambao haujafika tukawapa kuku wa jirani. Mpwa wangu alikwenda pale asubuhi siku tisa mfululizo, anasimama nje ya uzio wa mabati, kifuniko chake mkononi. Siku ya kumi tulipata kona ya kiwanja kingine, cha mama mmoja wa Tabata, kwa kauli vilevile.

Kijana mmoja alinionyesha kwenye simu mashamba ya Uholanzi. Kule mashamba zaidi ya elfu moja hupokea watu wenye ulemavu, wazee na wagonjwa wa akili kuja kushinda na kufanya kazi shambani, na mkulima analipwa fedha za umma kwa kuwahudumia. Ni jambo zuri, na mpwa wangu angefurahi sana na ng'ombe wale. Lakini nilipoangalia vizuri nikaona kule mtu kama mimi ni mgeni wa shamba la mwingine. Hapa kwetu mambo yamekuja kinyume, mwenye shamba ndiye mwenye magongo, na hiyo nisingependa tuibadilishe. Tunayo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na angalau asilimia tatu wenye ulemavu. Inasaidia ofisini na kiwandani. Kwa kibarua wa shamba, ambaye leo yupo kesho hayupo na jina lake haliko kwenye daftari lolote, haina pa kushika.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo, na hakina haja ya bajeti. Kibada, Kisota, Mji Mwema, piteni muone viwanja vilivyolala. Kila baada ya masika wenyewe wanalipa vijana kufyeka, na baada ya miezi mitatu majani yako palepale. Nimewauliza baadhi yao kwa nini hawatupi tukalima. Hakuna aliyesema mtaharibu. Wanaogopa kitu kimoja: umpe mtu alime, apande minazi na mipapai, halafu siku ya kujenga akudai fidia, au aseme kiwanja ni cha babu yake. Hofu hiyo ni ya haki, Dar imeshaona mengi.

Basi serikali za mitaa zitengeneze karatasi moja, ukurasa mmoja. Mwenye kiwanja anaandika kwamba kikundi fulani kinatumia eneo lake kwa mwaka mmoja. Kikundi kinaandika kwamba hakitapanda mti wala mgomba, ni mboga za msimu tu, na hakina dai lolote la ardhi. Mwenye kiwanja akitaka kujenga anatoa taarifa siku 60 kabla, ambazo kwetu ni mizunguko miwili ya mchicha, inatosha kuvuna kilichopo na kutafuta pengine. Mwenyekiti wa mtaa anasaini, mtendaji anagonga muhuri. Na wanaoshughulika na mikopo yetu waikubali karatasi hiyo kuwa ndiyo eneo la mradi. Pampu na pipa vinahamishika, havibaki kwenye kiwanja cha mtu. Cherehani nayo si inahamishika, na hakuna anayeiuliza hati?

Msomaji mwenzangu wa kazi za kukaa namkaribisha Kibada. Ataona kwamba mimi nakaa pia, kwenye ndoo. Akishuka kituoni aulize kwa Bwana Shamba, ataonyeshwa, ila awe na subira na salamu.

Aje mapema lakini. Wiki iliyopita lori limemwaga kokoto kwenye kona ya kiwanja cha mama wa Tabata. Mwenyewe hajanipigia, nami sijampigia. Mpwa wangu alilizunguka lile lundo mara mbili, akalipapasa, kisha akapanda tuta lililo karibu nalo, kifuniko kimoja, kopo moja la mchanga. Jana lilikuwa limeshaanza kuchomoza.

Mkulima wa mchicha,
Kibada, Kigamboni,
Dar es Salaam